Hizo peptidi mnazouziana kwa simu

Kwa kawaida maswali yanayonifikia ni mchanganyiko: presha, minyoo ya watoto, kikohozi kisichoisha. Safari hii karibu yote yana neno moja, peptidi, na wengi walioandika ni watu wenye maradhi ya kinga, yaani yale ambayo kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe: lupasi, baridi yabisi, kisukari cha utotoni, soriasisi. Inaelekea kuna watu wanapita na matangazo kuanzia Makorora mpaka Pangani. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha. Mimi ni mfamasia hapa Tanga mjini, si daktari wako, na jibu la gazetini halichukui nafasi ya faili lako la kliniki.

Mke wangu ana baridi yabisi, mwaka wa sita sasa. Kijana wetu aliyeko Dar anasema tuachane na vidonge, siku hizi kuna peptidi. Ni kitu gani hasa? — Mwalimu mstaafu, Korogwe

Shikamoo mwalimu. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zile zile zinazojenga protini. Mnyororo ukirefuka unaitwa protini. Mpaka kati ya viwili hivyo haujachorwa kwa rula: wengi husema asidi amino 50 hivi, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inaishia 40. Mwili wako unatengeneza peptidi zake kila saa na kuzitumia kupelekeana taarifa kati ya kiungo na kiungo. Oksitosini, sindano anayochomwa mama akishajifungua ili asitokwe na damu nyingi, ni peptidi ya asidi amino 9 tu.

Kwa hiyo mtu akikwambia "peptidi inatibu baridi yabisi", ni sawa na kukwambia "kidonge kinatibu". Kidonge gani? Zipo peptidi zinazoamsha kinga, zipo zinazoituliza, na zipo zisizohusika nayo kabisa. Muulize kijana jina, kisha mniletee hilo jina.

Huenda mkeo ameshakutana na peptidi bila kujua. Kwenye karatasi za maabara angalia kama kuna kipimo kinaitwa anti-CCP. Hiyo P ya mwisho ni peptidi. Maabara hutumia peptidi za kutengenezwa, zilizobadilishwa kidogo, wakaangalia kama damu ya mgonjwa ina kingamwili, yaani protini za kinga, za kuzishambulia. Kinasaidia sana kutambua ugonjwa mapema, lakini ni kipimo tu.

Vidonge msiviache. Kiungo kikishaliwa na baridi yabisi hakirudi kilivyokuwa, na kazi ya methotreksati ni kuzuia kisiliwe. Na kwa kuwa nimeitaja: methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara MOJA kwa wiki. Kuna watu duniani wamekufa kwa kuimeza kila siku, kwa sababu tu maelezo yaliandikwa vibaya au walidhani ni dawa kama nyingine. Mchague siku, muiandike kwa kalamu ya wino juu ya boksi, na aliye nyumbani aijue pia.

Shikamoo mama. Nina lupasi, natumia prednisoloni, azathioprini na haidroksiklorokwini. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu anauza vichupa viwili kwa pamoja, BPC-157 na thymosin alpha-1. Anasema vinaweka kinga sawa na nitaacha prednisoloni ndani ya mwezi. Nimechoka na huu uso kuvimba. Nijaribu? — Binti, Chumbageni

Marahaba mwanangu. Usijaribu. Nitakueleza kimoja kimoja, maana nikikwambia "acha" bila sababu utakwenda kununua jioni.

BPC-157 ni mnyororo wa asidi amino 15 uliotengenezwa maabara. Waliouanzisha ni watafiti wa Zagreb, Kroatia, na wanauhusisha na protini iliyomo kwenye majimaji ya tumbo. Karibu kazi yote juu yake imefanywa kwa panya: kano zilizokatwa, vidonda vya tumbo na utumbo. Panya wengi wamepona vizuri, hilo sikatai. Ila hakuna jaribio la maana lililofanywa kwa watu wenye lupasi, na aliyekuuzia hawezi kukuonyesha hata moja. Mwaka 2023 FDA iliiweka kwenye orodha ya malighafi zenye mashaka ya usalama, ambazo famasi zinazochanganya dawa hazikutakiwa kuzitumia. Mwaka mmoja kabla, WADA, shirika linalosimamia vita dhidi ya dawa haramu michezoni, lilikuwa limeshaipiga marufuku kwa wanamichezo.

Thymosin alpha-1 ni habari nyingine, na kwako ndiyo inayonitisha zaidi. Hii ni dawa kweli. Ina asidi amino 28, asili yake ni tezi ya thaimasi iliyoko kifuani, na baadhi ya nchi, China ikiwemo, zimeiidhinisha kwa homa ya ini aina ya B. Inafanya nini? Inaziamsha seli za kinga zipambane na virusi. Wewe kinga yako ndiyo inayokula viungo na figo zako, na azathioprini uliyopewa ni ya kuipunguza makusudi. Maelezo ya dawa hiyo yenyewe yanaonya isipewe watu wanaopunguziwa kinga makusudi, mfano waliopandikizwa figo. Muuzaji anasema "inaweka sawa" kwa sababu neno hilo linamfaa kila mgonjwa, mwenye kinga pungufu na mwenye kinga iliyozidi.

Halafu kuna kichupa chenyewe. Mteja mmoja aliniwekea chake juu ya kaunta. Kirefu kiasi cha kidole gumba, kifuniko cha plastiki cha buluu, chini yake unga mweupe ulioshikana. Lebo ina jina, "10 mg", "99%", na kwa Kiingereza cha herufi ndogo ambazo niliwasha tochi ya simu kuzisoma: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Hakuna jina la kiwanda. Hakuna namba ya toleo. Hakuna tarehe ya kuisha muda. Hata tukikubali kwamba hiyo asilimia 99 ni ya kweli, inazungumzia usafi wa kikemia. Haisemi kama kichupa hakina vijidudu, wala kama kina endotoksini, yale mabaki ya bakteria yanayoweza kumpa mtu homa kali na kumwangusha presha akichomwa. Tena unga huo anachanganya mwenyewe na maji jikoni kwake, kisha anapima kwa bomba la insulini, ambalo alama zake ni yuniti, si miligramu. Akikosea kiasi cha maji, dozi nzima imeharibika na hatajua.

Na prednisoloni usiiache ghafla kwa ahadi ya mtu yeyote. Ukiitumia kwa wiki nyingi, tezi zako za juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake ya asili, nazo huchukua muda kuamka. Kuikata siku moja kunaweza kukuangusha presha, ukatapika, ukazimia. Kuhusu uso una haki ya kulalamika, na madaktari wenyewe wanataka ushuke mpaka dozi ndogo kabisa inayokutosha. Kliniki ijayo sema hivi: "Nataka mpango wa kupunguza prednisoloni, tuuandike." Haidroksiklorokwini ndiyo usiiache kabisa, maana hiyo hupunguza lupasi kurudi kwa nguvu. Ulizia na kipimo cha macho, maana dawa hiyo inaweza kuyadhuru.

Mtoto wangu ana miaka tisa, ana kisukari cha kuchoma sindano. Tumeambiwa kuna peptidi inaamsha kongosho, atapona aache insulini. — Baba, Muheza

Ndugu yangu, insulini yenyewe ndiyo peptidi. Minyororo miwili, mmoja wa asidi amino 21 na mwingine 30, jumla 51. Wapenda mipaka watasema imevuka kwa moja, lakini vitabu vya dawa huiita homoni ya peptidi. Nayo ndiyo peptidi iliyookoa maisha ya wagonjwa wengi zaidi wa maradhi ya kinga kuliko nyingine zote, maana kisukari cha mwanao ni kinga kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Januari 1922. Kabla ya hapo watoto wa namna hii walikuwa wakinyimwa chakula ili waishi miezi michache zaidi, kisha wanakufa.

Insulini inajaza pengo. Haizuii kinga kuendelea kushambulia, na ndiyo sababu inachomwa kila siku. Peptidi ya kuzuia mashambulizi ilishatafutwa. Ile iliyofika mbali iliitwa DiaPep277, kipande cha protini moja ya mwilini, ikafikishwa mpaka majaribio ya hatua ya tatu, yale makubwa ya mwisho kabla ya dawa kuombewa kibali, matokeo yakatangazwa kuwa mazuri. Mwaka 2014 ikabainika kwamba baadhi ya wafanyakazi wa kampuni iliyoitengeneza walichezea takwimu. Ikaachwa. Ipo dawa moja, teplizumabu, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2022, ila hiyo si peptidi, ni kingamwili ya kutengenezwa. Inaahirisha ugonjwa kwa wastani wa miaka miwili hivi kwa watu ambao vipimo vinaonyesha watauugua lakini bado hawajaugua. Mwanao ameshapita hapo.

Nakuomba sana: mtoto wa kisukari hiki akikosa insulini, ndani ya siku moja au mbili damu inajaa asidi. Atakunywa maji mengi, atatapika, tumbo litamuuma, atapumua haraka na kwa kina, na pumzi itanuka tunda lililoiva kupita kiasi. Ukiyaona hayo usisubiri asubuhi, mpeleke hospitali iliyo karibu usiku huo huo. Huyo aliyesema ataamsha kongosho hatakuwepo.

Insulini ya mama yangu tunaihifadhije? Hatuna friji, na jirani mwenye friji umeme kwake unakatika. — Pangani

Hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote, kwa sababu peptidi ikishapikwa na joto haifanyi kazi tena hata kama ni halali na imelipiwa.

Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8 za Selsiasi. Ikishaanza kutumika, insulini nyingi zinavumilia wiki nne hivi nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 25 mpaka 30 kulingana na aina. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Nyumba ya bati Pangani mwezi wa pili, saa nane mchana, inapita hapo bila taabu.

Fanyeni hivi. Tafuteni vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine na kubaki nafasi ya vidole viwili pande zote. Nafasi hiyo ijazeni mchanga, mwageni maji mpaka mchanga ulowe. Insulini itieni kwenye kopo au mfuko usiopitisha maji, muiweke chungu cha ndani, juu funikeni na kitambaa kilicholowa. Kiwekeni kivulini penye upepo, si ndani ya kabati. Maji yaongezwe asubuhi na jioni. Maji yanapokauka kwenye udongo yanachukua joto, chungu cha ndani kinapoa. Nisiwadanganye: pwani hewa yetu ina unyevu mwingi, maji hayakauki haraka kama Dodoma, hivyo ubaridi utakaopata ni mdogo kuliko wa kule bara. Lakini tofauti ya nyuzi chache ndiyo inayotafutwa hapa. Kama mnaweza kupata kipimajoto cha chumba, kitieni ndani ya chungu siku mbili muone chenyewe kinasomaje.

Chukueni chupa moja moja, msibebe akiba ya miezi mitatu. Kwenye friji ya jirani isiwekwe karibu na sehemu ya barafu, maana insulini iliyoganda ni ya kutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Kwenye gari isikae mbele ya kioo. Ile ya maji maangavu ikiwa na ukungu, au ile yenye rangi ya maziwa ikiwa na vibonge visivyochanganyika baada ya kuviringishwa viganjani, isichomwe. Na sukari ya mama ikipanda bila sababu wakati chakula na dozi ni vile vile, shukuni chupa kabla hamjaongeza dozi.

Sasa rudini kwenye vile vichupa vya WhatsApp. Vimetoka nje ya nchi kwa bahasha, vikalala bandarini au kwenye buti la basi. Nani aliviwekea chungu cha kuvipoza?

Kuna peptidi yoyote iliyowahi kufaulu kutuliza kinga, au yote ni biashara? — Mwanafunzi wa chuo, Raskazone

Zipo. Ya kwanza ni siklosporini. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya Sandoz ya Uswisi alikuwa likizo Norway, uwanda wa juu wa Hardangervidda, akachota udongo akaupeleka maabara, kama wafanyakazi wa kampuni hiyo walivyokuwa wakihimizwa. Ndani ya udongo kulikuwa na kuvu, na kuvu ikatoa peptidi ya asidi amino 11 iliyojifunga duara. Walikuwa wanatafuta dawa ya kuua kuvu wengine. Wakapata kitu kinachozizuia seli T za kinga zisiamke. Marekani iliidhinisha mwaka 1983 kwa waliopandikizwa viungo, na baadaye ikaingia kwenye soriasisi kali na baridi yabisi. Kwa umbo lake la duara na kupenda mafuta inavumilia tumbo, ndiyo maana inamezwa. Peptidi nyingi zikimezwa tumbo linazimeng'enya sawa na kipande cha samaki. Ndugu yake, voclosporini, iliidhinishwa Marekani Januari 2021 kwa figo zilizoshambuliwa na lupasi.

Bei yake kwa mwili ni kubwa: siklosporini inaumiza figo, inapandisha presha, inavimbisha fizi. Anayeitumia asile balungi, maana balungi linaongeza kiasi cha dawa kwenye damu. Watu wa Muheza mmenisikia.

Ya pili ni glatirameri. Taasisi ya Weizmann, Israeli, miaka ya mwisho ya 1960, watafiti walichanganya asidi amino nne wakitaka kuiga protini ya utando wa neva na kuwasababishia wanyama ugonjwa unaofanana na MS, ule ambao kinga inaharibu utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo. Wanyama hawakuugua. Wakakingwa. Mwaka 1996 FDA iliikubali kwa MS ya kuja na kuondoka. Inapunguza mashambulizi kwa karibu theluthi moja, haiponyi.

Sasa mwanafunzi nikupe wazo lililoko nyuma ya yote haya, kwa sababu ni zuri. Seli T haioni protini nzima. Inaonyeshwa kipande, peptidi, kikiwa kimeshikwa na molekuli za HLA juu ya seli nyingine. Basi wataalamu wakajiuliza: tukijua kipande kinachoichokoza kinga, kwa nini tusimwonyeshe mgonjwa kipande hicho hicho kidogo kidogo, bila vurugu, mpaka kinga ikizoee? Kwa mzio wa chavua jambo hilo linafanyika tangu 1911. Kwa maradhi ya kinga limekuwa gumu. Mwaka 2000 zilitoka ripoti mbili za peptidi iliyobadilishwa kutoka kwenye utando wa neva, ikijaribiwa kwa wagonjwa wa MS. Katika moja, baadhi yao ugonjwa ulipanda na kinga yao ilionekana kuchochewa na ile ile dawa. Katika nyingine, jaribio lilisimamishwa kwa sababu ya mzio. Hao walikuwa hospitalini, wakipigwa picha za ubongo na madaktari wamesimama pembeni. Kipande cha kuifundisha kinga utulivu kinaweza kuifundisha vita, na kabla hujachoma hujui kitaelekea wapi.

Lupuzor, peptidi ya asidi amino 21 iliyotoka Strasbourg, Ufaransa, ilikuwa tumaini la lupasi, na mwaka 2018 haikufikia lengo katika hatua ya tatu. Larazotide, ya asidi amino 8, kwa ugonjwa wa siliaki, ule ambao ngano inaichokoza kinga tumboni, ilisimamishwa 2022 katikati ya hatua ya tatu baada ya takwimu kuonyesha kwamba haielekei kufaulu. Zote mbili zilitengenezwa na watu makini. Kwa upande wa matumaini, ipo icotrokinra, peptidi ya kumeza inayoziba mlango ambao taarifa za uvimbe huingilia kwenye seli, kipokezi cha IL-23. Matokeo ya hatua ya tatu kwa soriasisi yalitangazwa kati ya 2024 na 2025, na ngozi za wagonjwa wengi zilisafika. Hiyo ndiyo ninayoifuatilia.

Nina soriasisi. Nimeletewa LL-37, wanasema ni peptidi ya asili ya mwili kwa hiyo haina madhara. — Makorora

Ni ya asili kweli, ina asidi amino 37, ngozi huitoa kupambana na vijidudu. Tatizo ni kwamba kwenye soriasisi imeshajaa kupita kiasi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba LL-37 hushikana na DNA ya seli zako zilizokufa, kinga ikadhani ni virusi, ikawaka. Yaani umeletewa kuni. Rudisha, na kama hawarudishi hela, pole, lakini usichome.

Unga wa kolajeni unasaidia viungo? Shangazi yangu anaununua ghali. — Ngamiani

Ukimezwa unavunjwavunjwa tumboni, sehemu kubwa inaishia kuwa asidi amino na vipande vidogo kama protini nyingine. Mwaka 1993 kulikuwa na jaribio la Marekani la wagonjwa 60 wa baridi yabisi waliopewa kolajeni ya kuku kwa dozi ndogo sana, likaleta matumaini. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana nalo. Shangazi hatadhurika, atapungukiwa pesa. Supu ya kongoro ina kolajeni tele na inapatikana kila asubuhi.

Nikila chapati au mkate tumbo linajaa gesi na kuhara. Mtandaoni wanasema ni kinga, ninunue peptidi ya kuziba utumbo. — Mama wa watoto watatu, Mikanjuni

Inaweza kuwa siliaki, inaweza kuwa mengine mengi, ikiwemo giardia ya maji machafu, ambayo kwetu ndiyo ya kuanza kuitafuta. Katika siliaki mchokozi mwenyewe ni peptidi: kipande cha asidi amino 33 cha protini ya ngano ambacho tumbo linashindwa kukimeng'enya. Hakuna dawa ya kuziba iliyothibitishwa, umesoma hapo juu yaliyoipata larazotide. Fanya kipimo cha damu cha kingamwili za tTG, tena ukiwa bado unakula ngano, maana ukiacha kwanza kipimo kinaweza kudanganya. Ikithibitika, ni kuacha ngano na shayiri maisha yote. Kwa mtu wa Tanga mwenye muhogo, wali na ugali, hilo linawezekana kuliko kwa Mzungu.

Kaka yangu yuko Muscat, anaweza kuninunulia huko, si kwenye makundi. Hapo je? Na nitajuaje dawa imesajiliwa? — Duga

Kununuliwa Muscat si tatizo, tatizo ni kichupa kile kile. Dawa halali inapoingia nchini inasajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na orodha ya zilizosajiliwa iko kwenye tovuti yao. Andika jina lililoko kwenye boksi, siyo jina analokutajia muuzaji. Lisipotokea, au boksi lenyewe hakuna, umeshapata jibu. Ukiwa umeshachoma na umepata homa, vipele au kuvimba, nenda hospitali na kichupa mkononi, usione haya. Daktari akiona lebo anaokoa muda, na tukio hilo linatakiwa kuripotiwa TMDA.

Natumia methotreksati kwa baridi yabisi na tunataka mtoto. Nimeshauriwa nihamie peptidi kwa kuwa ni salama kwa ujauzito. — Lushoto

Aliyekushauri amepatia nusu: methotreksati na ujauzito havikai pamoja, inaharibu mimba na kuleta ulemavu kwa mtoto. Nusu ya pili amebuni. Vichupa hivyo havijapimwa hata kwa wanawake wasio na mimba.

Njia iliyopo ni hii. Endelea na uzazi wa mpango mpaka umeonana na daktari. Atakuachisha methotreksati mwezi mmoja mpaka mitatu kabla ya kuanza kutafuta mimba, na akubadilishie kwenye dawa zinazojulikana kuwa zinafaa, kama sulfasalazini au haidroksiklorokwini. Subirini kwanza muone viungo vimetulia na dawa mpya, kwa sababu baridi yabisi ikiwa imelala mwanzoni, ujauzito huenda vizuri zaidi. Asidi ya foliki uliyokuwa ukimeza pamoja na methotreksati usiiache. Mwambie daktari akuandikie dozi ya kutafutia mimba, nayo uianze kabla, si baada ya kukosa siku zako.